Mikono ya Kufika kwa Didier

Siku ya pili, 9 septemba

Prof Evariste ametuamuru kila mmoja awe na kaye, daftari la makosa. Ndani yake tuandike tulijaribu nini, kilikataa wapi, na tulikuwa tunafikiri nini kabla hakijakataa. Hataisoma wala kuisahihisha. Jemima aliuliza kama ni kwa Kifaransa au kwa Kiswahili. Prof alijibu, "Andika mu luga yenye unakoseaka nayo." Darasa lilicheka. Mimi nimechagua Kiswahili.

Mashine za kompyuta ni sita na sisi ni thelathini na mmoja. Groupe ya umeme, yaani jenereta, huwashwa siku ya pili na siku ya tano tu, Jumanne na Ijumaa, kwa saa mbili kila mara. Siku nyingine programu tunaziandika kwa kalamu na kuzipitia kwa kidole.

Kazi ya muhula ni kuunda grafu kwa Python. Grafu, alivyoeleza Prof, ni vifundo na viungo tu. Kifundo ni kitu chochote. Kiungo ni kile kinachokifunga na kingine. Miji na barabara. Watu na wanaofahamiana. Tutaandika klasi mbili, moja ya kifundo na moja ya grafu nzima. Klasi ni kama kalibu ya matofali: kalibu ni moja, lakini kila tofali linalotoka lina mahali pake na ufa wake.

Tunafanya wawili wawili, na kila kundi litafute somo lake. Niko na Jemima, ambaye ni mgeni shuleni kwetu tangu juma lililopita.

Siku ya ine, 11 septemba

Mvua tangu asubuhi. Nusu ya darasa haikufika.

Siku ya tano, 12 septemba

Jemima alitaka grafu ya timu za mpira. Nilimwambia nina somo jingine: commission. Hapa kitu hakitumwi kwa posta. Ukitaka mfuko wa maharage ufike Komanda, unampa mtu unayemfahamu, naye anampa anayemfahamu yeye, hadi ufike. Kila mtu njiani anajua mikono miwili tu, uliompa na ule atakaoupa. Programu yetu ingejua mikono yote. Ungeiuliza: kutoka kwa fulani hadi kwa fulani, nipitie kwa nani?

Jemima alinitazama. "Na weye, unataka kutuma nini?"

Nikamwambia. Kaka yangu Didier anachimba dhahabu upande wa Nizi. Mwezi wa sita, kwa sababu ya vita, watu walikimbia machimbo, kila mmoja na njia yake, na tangu siku hiyo simu yake haiiti. Hatuna habari wala maiti. Nataka kujua ni mikono ya nani inaweza kumfikia.

"Basi tufanye hiyo," alisema. "Lakini kwa Prof tutasema ni commission tu. Asituonee huruma mu pointi."

Siku ya Mungu, 14 septemba

Baba mudogo Alphonse alikuja baada ya misa pamoja na wazee wawili wa familia. Ni ndugu wa marehemu baba, anafuga ng'ombe nje ya mji, na tangu baba afariki yeye ndiye anayeamua. Walikaa sebuleni. Mama alikaa karibu na mlango akichambua mchele, na mimi nyuma yake.

"Mama Arlette," baba mudogo alisema. Kila mtu anamwita mama hivyo siku hizi, kwa jina langu. "Ni miezi tatu sasa. Pikipiki ikipita, unasimama. Simu ikilia, unatetemeka. Haulale. Hii haiko maisha."

Mama aliendelea kutoa mawe kwenye mchele.

"Familia imeona hivi. Tungoje mpaka mwisho wa novemba. Kama hakuna neno, siku ya posho, tarehe makumi mbili na kenda, tutalia mutoto. Matanga ya kweli, na watu, na misa. Halafu utalala."

Nilisema bila kuruhusiwa, "Na kama iko muzima?"

"Weye, nyamaza," mzee mmoja alisema. Lakini baba mudogo hakunikaripia. Alisema, "Kama iko muzima, atatusamehe."

Matanga si kilio tu. Nguo zake zitagawanywa. Kitanda kitatoka. Jina lake litasomwa kanisani pamoja na majina ya wafu. Mtu akiisha kuliliwa, hata akirudi, wako watakaovuka barabara wasikutane naye.

Walipoondoka, Mama Valérie aliingia. Ni jirani yetu. Nyumba yake ni ya kwanza kwenye kona ya avenue, na hakuna anayepita asimwone. Alimshika mama mabega, akachukua ungo, akamalizia mchele wote. Nampenda kuliko ndugu zetu. Baba mudogo leo simpendi.

Yamebaki majuma kumi na moja. Mashine naipata mara mbili kwa juma, na tunaigawana watu watano.

Siku ya pili, 16 septemba

Nimeandika klasi ya Personne: jina, na orodha ya majirani. Prof alisema tuangalie sana, ndani ya orodha hiyo hamna majina ya watu, mna watu wenyewe. Kifundo kinamshika mwenzake mkono; hakimwandiki kwenye karatasi. Nadhani nimeelewa. Groupe ilizimika kabla sijahifadhi. Mistari kumi na minne imepotea.

Siku ya tano, 19 septemba

Nimeiandika upya.

Siku ya ine, 25 septemba

Prof alitutoa uani kati ya mvua mbili. Alipanga wanafunzi tisa wasimame mbalimbali, akawaunganisha kwa kamba za katani, akasema hao ni vifundo. Mimi nilikuwa programu. Nilipaswa kupeleka chaki kutoka kwa Adrien hadi kwa Clarisse nikifuata kamba, kwa sheria ile ile niliyoandika kwenye kaye, bila kuongeza akili yangu.

Sheria yangu ilisema: ukifika kwa mtu, nenda kwa jirani anayefuata. Nikatoka kwa Adrien nikaenda kwa Jemima, kutoka kwa Jemima hadi kwa Emery, kutoka kwa Emery nikarudi kwa Adrien. Hao watatu walikuwa wamefungwa kama jiko la mafiga. Nikazunguka tena, na tena.

"Arlette, nikuletee maji?" Emery aliuliza mara ya nne.

"Mwache azunguke," Prof alisema. "Mashine haichokake. Itazunguka mpaka mazuti ya groupe iishe."

Nilizunguka mpaka kengele. Clarisse alikuwa kule mwisho, mkono umenyooshwa, akicheka hadi machozi. Kosa langu: sikuweka alama kwa wale niliokwisha kuwapitia. Programu isiyokumbuka ilikopita haifiki. Kuanzia kesho kila niliyemtembelea ataingia kwenye orodha, na wanaongojea kutembelewa watakaa kwenye foleni, wa karibu kwanza.

Nyumbani, mama alitoka mlangoni akaenda dirishani, kutoka dirishani akaenda kwenye kitanda cha Didier, kutoka kitandani akarudi mlangoni.

Siku ya kwanza, 29 septemba

Mvua.

Siku ya posho, 4 oktoba

Jemima amefanikiwa kuliko nilivyotumaini. Kwenye parking ya pikipiki za barabara ya Nizi kuna mkubwa wa waendeshaji, Papa Rachidi, aliyechimba dhahabu yeye mwenyewe kabla mgongo wake haujamkatalia. Kila commission inayopita kwake anaiandika: imetoka mkono gani, inaenda mkono gani. Jemima alimwomba ruhusa ya kunakili kaye yake.

"Itaenda kufanya nini kule masomo?"

"Itaingia mu ordinateur, ile mashine ya masomo, papa."

"Ordinateur itajua watu yangu kunishinda miye?"

"Itajua njia tu, papa. Watu wanabakia wa kwako."

Hilo lilimpendeza. Alipoenda kuswali adhuhuri alimwachia kaye na kiti chake. Jemima amerudi na majina hamsini na nane.

Tumegawana kazi. Mimi naandika klasi na njia ya kutafuta, yeye anaingiza majina na viungo. Muda wa mashine hautoshi kila mmoja asome kazi ya mwenzake.

Siku ya pili, 7 oktoba

Nimeongeza wale ninaowajua mimi: mama, Mama Valérie, baba mudogo, Didier, na Jean-Claude aliyekuwa akichimba naye shimo moja. Mama nimemwandika Mama Arlette, jina ambalo avenue nzima inamwita.

Siku ya tano, 10 oktoba

Groupe iliwaka nusu saa.

Siku ya tano, 17 oktoba

Leo programu imekimbia mara ya kwanza bila kuanguka. Tuliijaribu kwa watu ambao majibu yao tunayajua. Kutoka kwa Papa Rachidi hadi kwa mwuza dawa wa Nizi: mikono mitatu, sawa. Kutoka kwa Mama Valérie hadi kwa mama: mkono mmoja, sawa. Jemima alinipisha kiti. Nikaandika: kutoka kwa Mama Arlette hadi kwa Didier.

Aucun chemin.

Hakuna njia. Nilitafuta kosa kwenye foleni. Nilitafuta kwenye orodha ya waliotembelewa. Hapakuwa na kosa. Didier na Jean-Claude wameshikana mkono wao wawili tu, mbali na wote, kama watu waliosimama upande wa pili wa mto.

Siku ya Mungu, 19 oktoba

Baba mudogo amekwenda parokiani kuuliza bâche, yaani turubai, na viti vya tarehe 29. Alinikuta uani nikiandika, akainama kutazama karatasi.

"Hizi njo nini?"

"Ni watu, baba mudogo. Wenye wanaweza kufika kwa kaka."

"Wamefika?"

"Bado."

Alitikisa kichwa akaingia ndani. Sikuona dharau usoni mwake, ingawa nilikuwa nimejiandaa kuiona.

Siku ya pili, 21 oktoba

Aucun chemin.

Siku ya tano, 24 oktoba

Aucun chemin. Mvua ilipiga bati hadi Prof akaacha kufundisha.

Mama Valérie ameanza kuzungumza na wanawake wa avenue juu ya nani atapika nini siku ile. Anafanya hivyo kwake, mama asisikie. Analinda masikio ya mama kama ya mtoto mchanga.

Siku ya pili, 28 oktoba

Nilimwambia Prof ukweli. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kisha akauliza kama mwalimu, na nilimshukuru kwa hilo: "Vifundo ni ngapi?"

"Sitini na tatu."

"Ngapi viko na kiungo kimoja tu?"

Sikuwa nimevihesabu.

"Andika njia ya kuvihesabu na kuvisoma. Mutu wa kiungo kimoja, ao anaishi peke yake, ao ni weye hukumaliza kuuliza habari yake. Mu mji huu hakuna mutu anaishi peke yake."

Siku ya tano, 31 oktoba

Groupe haina mazuti. Nimeiandika njia ya kuhesabu kwa kalamu, mistari mitano. Ningeweza kuisoma kaye ya majina ya Jemima kwa macho, lakini alikuwa ameiacha kwa shangazi yake, mtaa wa Mudzipela, na mvua haikutupa nafasi.

Siku ya pili, 4 novemba

Naandika kila kitu kwa mpangilio, maana mkono unataka kukimbia.

Asubuhi groupe iliwaka. Niliingiza ile mistari mitano. Majina kumi na moja yalitoka, ya watu wenye kiungo kimoja, Didier na Jean-Claude wakiwemo. Fundi wa baiskeli wa Iga Barrière. Mlinzi fulani. Mwanamke wa Komanda anayetuma mkeka kila mwaka. La saba lilikuwa Mama Didier. La nane, fundi viatu. Nikafika la tisa, kisha macho yakarudi la saba yenyewe.

Hadi mwezi wa sita mama yangu aliitwa Mama Didier. Mwanamke huitwa kwa mtoto wake wa kwanza, na mtoto wa kwanza ni kaka. Habari za machimbo zilipofika, Mama Valérie ndiye aliyeanza kusema Mama Arlette, jina lisimchome mama kila anaposalimiwa. Wengine walimfuata kwa huruma ile ile. Ndani ya miezi minne hata mimi nilizoea, na nikamwingiza kwenye programu kwa jina la huruma. Jemima, aliyetufahamu septemba, hajawahi kusikia lile jingine.

"Huyu ulimutoa wapi?" nilimwuliza.

"Mu kaye ya Papa Rachidi. Commission kutoka Nizi, mukono wa Gaspard, kwa Mama Didier. Aliandika kando: hakuonekana." Alinitazama uso. "Wako akina Didier watatu mule, Arlette. Nilizani ungesema kama ni wenu."

Tuliomba ruhusa. Prof alikuwa amekwisha kufungua mlango.

Papa Rachidi alikuwa amekaa chini ya hema la parking, mguu juu ya sanduku la bati. Nilimweleza. Alisikiliza hadi mwisho.

"Iko humu," alisema, akigonga sanduku kwa kisigino. "Gaspard aliitafuta mara mbili. Mama mumoja wa ku kona alimwambia hapa hakuna Mama Didier, hakujakuwa hata siku moja. Akairudisha."

"Unipe, papa. Ni mama yangu."

"Mutoto, na miye nilizaliwa na mama. Commission ya mutu haipitie mukono yenye haikuandikwa. Akuye yeye mwenyewe."

Nilikimbia. Sijui nilimwambia mama nini. Nadhani nilisema tu "Nizi" na "kuya". Alikuja na kitambaa cha jikoni begani, kiatu kimoja cha kwake na kimoja cha kwangu.

Papa Rachidi alisimama alipomwona. "Weye njo nani, mama?"

Mama alifungua kinywa. Niliona jina likimtafuta ndani. Kisha akasema, "Miye ni Mama Didier," na Papa Rachidi akafungua sanduku.

Kilikuwa kifurushi kidogo kilichofungwa kwa ukanda wa mpira wa tairi. Ndani, karatasi moja. Mwandiko wa kaka, ile d yake inayolala chali. Nilisoma kwa sauti pale pale.

"Mama, niko. Simu ilianguka tukikimbia na namba zote zilikuwa ndani. Mguu wa kushoto ulivunjika, nilifungwa vizuri, lakini siwezi kupanda pikipiki. Niko na Jean-Claude, mbele ya Nizi. Yeye anatembea mpaka soko ya Nizi. Nijibu kwa mikono hii. Didier. 2 septemba."

Mama alichukua karatasi akaikunja ndogo kabisa. Hakulia. Alirudi nyumbani kwa haraka hivi kwamba Jemima na mimi tulimfuata kwa kukimbia.

Kwenye kona, Mama Valérie alikuwa akianika mihogo. Mimi nilisimama. Nilimwuliza kama kuna mtu wa pikipiki aliyekuja kumtafuta Mama Didier.

Alishusha mikono. "Alikuya."

"Na ulisema hakuna."

"Arlette, alikuwa na uso ya kuogopesha. Kifurushi kidogo vile, mu mukono. Nikajua ni vitu ya mutoto wanarudisha, saa yake ao kitambulisho. Nikasema moyoni, mama huyu alale hata siku moja tena bila kujua." Ungo wa mihogo ulimponyoka. "Halafu alikuya mara ya pili, na nikasema tena siku moja."

Siku moja tena, imekuwa miezi miwili. Nilitaka kumwambia neno baya na nilikuwa nalo tayari. Mihogo ilikuwa imemwagika miguuni mwake. Nikaondoka.

Siku ya tatu, 5 novemba

Baba mudogo aliisoma barua mara tatu, akaiweka juu ya goti.

"Ni ya septemba," alisema. "Leo ni novemba. Na kule mambo ilirudi kuwaka mu oktoba, munajua."

"Iko muzima," mama alisema.

"Alikuwa. Sikukatalie, mulamu. Na miye nataka. Lakini watu wamekwisha kualikwa mpaka Mahagi. Munipatie neno ya sasa, mbele ya tarehe, na miye mwenyewe nitakunja bâche. Bila hiyo, siku itafika."

Niliona kwamba vidole vyake havikutaka kuiachia ile karatasi.

Siku ya tano, 7 novemba

Jibu limeondoka leo, baada ya kosa moja.

Kwanza niliwafanya wale wawili kuwa mmoja. Mama Arlette na Mama Didier walikuwa matofali mawili ya mtu mmoja. Kosa halikuwa la Jemima. Kalibu yangu iliruhusu jina moja tu kwa kila mtu, na ilidhani jina ndilo mtu. Sasa Personne ina namba yake isiyobadilika, na majina ni orodha. Nikaongeza na kiungo kati ya Jean-Claude na Gaspard, sokoni Nizi. Nikauliza tena. Njia ilitoka, mistari minne safi: Mama, Gaspard, Jean-Claude, Didier. Jemima alinipiga mgongoni.

Tulimpelekea Papa Rachidi karatasi. Aliisoma, akacheka kidogo bila kutuumiza.

"Gaspard hafike tena Nizi. Alioa, sasa anafanya Kasenyi. Mulisikia alitoka kule, mukazani ataenda kule?"

Ndivyo nilivyokuwa nimeandika. Kila kiungo nilikifunga pande mbili, kama kamba za uani. Lakini mkono uliopokea si lazima uwe mkono utakaopeleka. Tulikaa naye chini ya hema tukavipitia viungo vyote kimoja kimoja, yeye akisema "kuenda na kurudi" au "kuenda tu", hadi adhuhuri. Ishirini na sita vilikuwa vya upande mmoja. Njia mpya inapitia kwa Angélique, anayepeleka vitunguu Nizi kila juma na kumuuzia Jean-Claude.

Mama alinisomea maneno, nami nikaandika. "Mwambie mama yake iko. Mwambie watamulia tarehe makumi mbili na kenda. Kama iko, aseme mbele ya siku hiyo. Asitume salamu mingi, atume tarehe."

Siku ya pili, 11 novemba

Hakuna.

Siku ya tano, 14 novemba

Hakuna. Angélique bado hajarudi. Wanasema barabara ni matope hadi kiunoni.

Siku ya pili, 18 novemba

Hakuna. Mama sasa analala kidogo. Mimi ndiye ninayesimama pikipiki ikipita.

Siku ya tano, 21 novemba

Tulionyesha kazi yetu mbele ya darasa. Prof aliuliza kwa nini tumechagua foleni. Nilijibu kwamba foleni hufika kwanza kwa walio karibu, kwa hiyo njia ya kwanza kuonekana ndiyo yenye mikono michache. Tumepata kumi na sita juu ya ishirini. Emery alisema kwa mutu aliyezunguka uani mpaka kengele, ni pointi nzuri. Nilijaribu kufurahi.

Siku ya Mungu, 23 novemba

Baada ya misa mama alivaa kitenge kizuri akatoka. Nilidhani anaenda kwa baba mudogo. Alianza na nyumba iliyo mkabala. Alibisha hodi, akasalimia, akasema, "Nilikuya kuwaambia, miye ni Mama Didier. Mutu akinitafuta na jina hiyi, mumulete." Kisha nyumba ya pili. Wengine walitazama chini.

Kwenye nyumba ya nne Mama Valérie alitufikia. Hakuomba msamaha kwa maneno. Alisema tu, "Siku zingine watoto njo wanafungua. Lazima kuambia watoto pia," akainama mbele ya mtoto wa nyumba hiyo, akamfundisha kulitaja jina mara mbili. Alitembea nasi nyumba zote hadi mtoni, na kwenye kila mlango yeye ndiye aliyesema sana. Nilitembea nyuma yao. Hasira yangu ilikuwa bado ipo, lakini haikujua tena isimame upande gani.

Siku ya pili, 25 novemba

Angélique amerudi. Barua aliiweka mikononi mwa Jean-Claude mwenyewe, sokoni, tarehe 20. Angélique hakumwona Didier. Alimwuliza Jean-Claude kama yuko. Jean-Claude alisema yuko, kisha wakatawanyika upesi kwa sababu ya mvua. Baba mudogo alisema, "Hiyo ni neno ya mudomo. Nilisema neno yake." Hata hivyo alimwuliza Angélique mara mbili Jean-Claude alikuwa na uso gani.

Siku ya ine, 27 novemba

Bâche imefika. Inanuka panya.

Siku ya posho, 29 novemba

Watu walianza kufika saa mbili asubuhi. Wa Mahagi walikuwa wamelala njiani. Huwezi kumwambia mtu aliyekanyaga matope siku mbili kwamba arudi. Viti vilijaa. Wanawake waliweka sufuria motoni nyuma ya nyumba. Picha ya Didier ilikuwa mezani, na mama aliilaza kifudifudi kila mara mtu alipoisimamisha.

Katika familia yetu hakuna anayelia mbele ya mama mzazi. Yeye huanza, ndipo wengine wanafuata. Mama alikaa katikati kwenye mkeka, mgongo umenyooka, na hakuanza. Saa nne ikapita, saa tano ikapita. Watu kama sitini walikaa chini ya bâche wakiwa wameleta machozi yao kutoka mbali na hawana ruhusa ya kuyatoa. Wengine walikohoa. Mtoto mmoja aliuliza kama tutakula. Katekista alitazama saa yake, akamtazama baba mudogo. Baba mudogo alitazama ardhi. Hakumsukuma mama. Ningependa kuandika hilo mara mbili.

Saa saba mvua ilishuka, na viti vikasogezwa katikati hadi magoti yakagusana.

Katika mvua hiyo nilisikia pikipiki ikisimama kwenye kona. Kisha sauti ya mwanamume: "Natafuta Mama Didier."

Sauti ya Mama Valérie ilijibu kabla hajamaliza, na sijawahi kusikia sauti ya mtu ikikimbia hivyo: "Iko, iko, pita huko." Mtoto wa nyumba ya pili akapaza sauti, "Mama Didier, kule." Nyumba ya tatu. Nyumba iliyo mkabala. Jina lilipanda avenue kutoka mlango hadi mlango na pikipiki ikalifuata, na ilipofika kwenye bâche watu wote sitini, hata wale wa Mahagi, walikuwa wamekwisha kunyoosha mkono kumwonyesha mama.

Alikuwa mpwa wa Angélique, amelowa hadi mifupa. Alitoa mfuko wa plastiki kutoka kifuani. Mama alinipa mimi.

"Mama, waambie wangoje kunilia, bado nakula. Mguu unakanyaga. Jean-Claude na mimi tutashuka barabara ikikauka. Nimeandika tarehe kama ulivyosema. Didier. 27 novemba."

Baba mudogo Alphonse alisimama. "Soma tarehe."

"Makumi mbili na saba novemba."

"Tena."

Nikasoma tena. Alinyoosha mkono, akataka kuisoma yeye mwenyewe, lakini macho yake hayakuweza kitu. Akanirudishia. Akageuka kushika kamba ya bâche, kwa sababu alikuwa ameahidi kuikunja, na mvua ikamwagikia watu wa mbele, nao wakamsihi aache.

Hapo ndipo mama alianza kulia. Na kwa kuwa yeye ameanza, wote chini ya bâche walifuata.